Jicho Lililoshuka

Fundi anakata vigae jikoni kwangu, na harufu ya vumbi la jiwe lililoloa maji inanirudisha uani kwetu, kwenye vilima vya Kisii. Baba alikuwa akichonga mawe laini ya kuuza. Mama na sisi wasichana tuliyasugua kwa msasa ndani ya beseni mpaka kucha zikalainika. Kisu hatukuruhusiwa kukigusa.

Siku hiyo baba alikuwa anachonga uso wa mtu. Kisu kikagonga mshipa mwekundu ndani ya jiwe, shavu likabanduka, na jicho moja likabaki limeshuka karibu na mdomo. Akalitupa jiwe hilo nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe mabovu.

"Linatisha," alisema. "Wateja wasilione."

Nililifuata. Nikalileta kwenye beseni, nikalisugua mbele yake polepole, hasa lile jicho.

"Nimesema nini?"

"Nimesikia, baba."

"Basi unalisugulia nini? Hilo si langu."

"Ulilichonga wewe," nikasema. "Halikujichonga."

Mama aliacha kusugua. Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kumjibu baba hivyo. Nilingoja kofi, mikono ikiwa bado majini, na sikulitoa lile jiwe. Baba akachukua jiwe jingine, akanipa mgongo.

Sasa fundi anazoa vipande vya vigae na kuvitia guniani. Anafika mlangoni, anainamia jiwe linalouzuia mlango usijifunge, anaona lile jicho karibu na mdomo, anasita.

"Hili nalo nilitupe, madam?"

"Liache," namwambia. "Hapa ni kwao."