Chunjua Saba za Mkono wa Kulia

Nakumbuka asubuhi ile nilipochukua mkasi wa kupogolea kahawa nikajificha nyuma ya zizi, nikaukata mkono wangu mwenyewe. Wewe mjukuu wangu, niliyekukuta jana ukichokonoa chunjua ya unyayoni kwa wembe, kaa usome vizuri.

Nilikuwa na chunjua saba mkono wa kulia, ngumu, zinakwaruza kama gome. Kanisani, padri aliposema tupeane amani, wasichana wa benchi letu walikunja mikono. "Amani yako baki nayo, chura," mmoja alininong'oneza. Nilitaka kushikwa mkono, hicho tu. Nikapaka utomvu wa mgomba, nikaambulia madoa meusi. Ndipo nikazikata kwa ule mkasi. Kidonda kikatunga usaha, na pembeni yake zikaota nyingine nne.

Bibi yangu aliutazama ule mkono uliovimba. "Umeupogoa kama mbuni," akasema. "Sasa ngoja machipukizi."

Akanipeleka misheni kwa sista mmoja mzungu. Kwanza alisafisha kidonda, wiki nzima. Kisha akaniuliza mambo ya ajabu: naota nini usiku, napenda chumvi, naogopa radi? Mjukuu wangu, nilidhani ananichezea. Kumbe ndiyo tiba yao ya homeopathia, wanamuuliza mtu habari zake zote, si za chunjua peke yake. Akanieleza kuna za vidoleni kama zangu, za unyayoni zinazozama na kuuma kama changarawe ndani ya kiatu, bapa za usoni, na nyembamba kama uzi zinazoning'inia shingoni. Kila aina, alisema, ina dawa yake. Mimi alinipa vidonge vidogo kama ulezi, vitamu, vya mti wa kwao unaofanana na mtarakwa wetu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nakamua, nikaona ng'ombe katulia, harushi teke kama siku zile chunjua zilipomkwaruza chuchu. Nikautazama mkono. Hakuna kitu. Ngozi laini kama ya kitoto kichanga. Maziwa yalimwagika nimeduwaa.

Nikamkimbilia sista. "Ni vile vidonge?"

"Labda," akasema. "Nyingine huondoka zenyewe, mwili ukishazitambua. Sijui."

Mwanamke mwenye kabati zima la vichupa, akasema hajui. Nilimheshimu maradufu.

Jumapili iliyofuata, yule wa chura alininyooshea mkono. Nikaushika, nikauminya mpaka akafumba macho.

Basi sikia. Usikate, usichokonoe, wembe huzisambaza. Taulo lako liwe lako peke yako. Vidonge vitamu ukivitaka sikukatazi, ila usivisifie kazi ambayo huenda mwili wako umeifanya. Chunjua ikitoa damu, ikigeuka rangi, au ikiota sehemu za siri, usipitie kwa mtu wa vichupa, nenda hospitali moja kwa moja. Na ukimwona mwenye chunjua, mpe mkono. Utanawa baadaye.

Mungu aliyeuweka mlima huu tunaoishi akupe miguu ya kuupanda, na mikono yako isikose wa kuishika.