Ile Paipu ya Mjane wa Oyugis

Watoto, hii kisa niliambiwa na dada ya bwanangu, muuza omena, zile dagaa za ziwa, wa Oyugis. Mjane jirani yake alisimamisha paipu ya chuma kwa nyumba, akafundisha wamama kuipanda wanyooshe mgongo. Walijaa, wakicheka.

Siku moja mzee wa boma akauliza, “Nguzo husimamishwa na mwanaume. Hii nani aliisimamisha?”

“Ni mimi, baba. Ni ya mazoezi tu.”

Wamama wakaogopa chira, ile laana ya kuvunja mila. Wakaacha kuja. Lakini kila asubuhi mjane alifungua mlango, akapangusa paipu, akangoja.

“Na wewe, ulirudi?” nikamuuliza wifi, maana naye alikuwa akienda.

“Nilikuwa napita na karai kichwani. Ananiita, ‘Nyamera, dada yangu, ingia tu.’ Najifanya sisikii.” Akashika kiuno. “Na mgongo inaniuma mpaka leo.”

Haya watoto, mkalale. Mlango nitafunga mimi.