Ndoo ya Kaboni Iliyochoka

Asteria, Mama Justa, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mtambo wa elusheni, wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, pale Nyasubi, Kahama. Wachimbaji walileta kaboni, zile punje nyeusi za vifuu vya nazi vilivyochomwa, zikiwa zimenasa dhahabu kwenye matangi. Yeye aliziosha kwa maji ya moto yenye sumu ya sayanaidi na magadi makali ya kostiki mpaka ziiachie. Kazi hiyo aliijua kama kusonga ugali, na hakuchoka kuwakumbusha watu hivyo.

Kaboni iliyochoka, isiyonasa tena vizuri, hutupwa. Asteria, ambaye hajawahi kuona kitu kikitupwa moyo usimuume, alichukua nusu gunia, akaisuuza mara tatu, akatengeneza ndoo ya kuchujia maji: kokoto chini, mchanga, kaboni juu.

"Kinachonasa dhahabu kitashindwaje na uchafu?" aliuliza, na nani angembishia fundi?

Ndoo akampelekea bintiye, Justa, huko Kambarage mjini Shinyanga, ambako maji ya kisima yalikuwa ya tope. Yakatoka yanang'aa. Asteria akajiona profesa.

Baada ya miezi miwili alirudi kumtazama. Justa alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo inafanya kazi?"

"Sana! Siku hizi maji nayachemsha kwanza, nayamimina yangali ya moto. Yanapita upesi."

Asteria alikuwa na kikombe cha maji hayo mdomoni. Hakumeza. Kaboni haili kitu. Inashika tu, na joto huilegeza. Hii ilikuwa imeshika dhahabu, na pamoja nayo zebaki ya wachimbaji, sumu kwa mtoto aliye tumboni, na mabaki ya sayanaidi. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyelipwa kuilazimisha iachie, kwa maji ya moto.

Alichota konzi ya kaboni ile, akaitia kwenye kopo lenye kifuniko.

"Twende hospitali."

"Mama, mbona siumwi?"

"Twende, nimesema."

Njiani Asteria alimweleza yote, na Justa akamsihi asitaje kaboni ilikotoka. Kazini watamfukuza, na mtaa mzima utamcheka. Asteria alimjibu kwamba mficha uchi hazai, wakaendelea kutembea.

Hospitalini, Nesi Rhoda aliposikia habari ya ndoo alilitazama kopo, akamgeukia Justa. "Nani alikupa kitu hiki uchujie maji ya kunywa?"

Justa aliinamisha uso. "Kuna fundi mmoja..."

"Mimi," alisema Asteria. "Mama yake. Andika apimwe zebaki kwanza."