Uzito wa Mtu Aliyeacha Chumvi

Viatu ndivyo vilivyonikataa kwanza. Ilikuwa Jumapili, msimu wa kuchuma kahawa umeanza, nikaketi ukingoni mwa kitanda kuvaa, mguu ukagoma kuingia. Mke wangu alileta kijiko akaking'ang'aniza nyuma ya kisigino, tukacheka sana, lakini mguu haukuingia. Nikaenda kanisani na kandambili, mimi niliyewaambia watoto wa kipaimara miaka yote kwamba mtu haendi nyumbani mwa Mungu kama anayeenda kuoga.

Nje ya kanisa watu walinisifia.

"Mzee umenawiri!"

"Huyu analishwa," alisema mzee mwenzangu wa kanisa, akinipapasa tumbo mbele za watu kama anayekagua ng'ombe mnadani. "Sisi wengine wake zetu wako kwenye vikundi, jiko limelala."

"Mlete wako nimfundishe," mke wangu akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Nami nilicheka, ila nilikuwa nimeshika ukuta. Zile ngazi mbili za kupandia mlangoni zilikuwa zimenimaliza pumzi.

Mimi ni mgonjwa wa moyo. Waliniambia hospitali kwamba umepanuka na umechoka, kwa hiyo nameza dawa za presha na dawa ya kukojoa, na siku za kliniki naenda mjini kupimwa. Nimeshukuru Mungu kwa kila asubuhi aliyoniongezea, na sisemi hivyo kwa mazoea. Lakini mwaka ule nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, sikai mahali. Nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kuketi. Nikifungua zaburi nasoma mistari michache, kisha natoka kutazama mibuni ambayo nimeitazama muda si mrefu uliopita. Uzito ulikuwa unapanda, na hakuna aliyejua unatoka wapi.

Chumvi tuliiacha siku ileile aliyotuambia daktari. Mke wangu hafanyi mambo nusu. Alichukua kopo lote la chumvi akampelekea jirani, akarudi akisema, "Nikipika sufuria mbili nitakosea siku moja. Tutakula wote hivihivi." Na akala, yeye asiyeumwa chochote. Akaacha na dagaa wakavu, akaacha na viungo vya pakiti. Nilikuwa nakula kidogo kuliko mtoto. Hata hivyo, kila nikipanda mizani mwuguzi ananitazama usoni, halafu daktari ananitazama kama unavyomtazama mlevi anayeapa kwamba ameacha.

"Chumvi huli kweli, Baba?"

"Sili, daktari."

"Haya," anasema, na lile haya nalibeba mpaka nyumbani.

Wapo vijana katika Maandiko waliokataa chakula cha mfalme, wakala mboga na maji, wakaonekana wanene kuliko wenzao. Nilijifariji na habari yao kwa muda. Kisha miguu ikaanza kubonyea, ukiweka kidole shimo linabaki, nikajua yangu si neema ya namna ile.

Mtoto wetu wa kwanza ni wa kike, anakaa Tunduma, anawauzia Wazambia mashuka na vitenge. Anaongea haraka haraka kama mtu ambaye lori lake liko foleni ya mpakani na dereva anapiga honi. Alikuja kunisalimia, akanibonyeza mguu, akasimama.

"Chumvi inatoka wapi?"

"Hakuna chumvi humu," mama yake akasema.

"Mama, nakujua. Ukimwona Baba hali unamwonea huruma. Unamnyunyizia kidogo."

"Nimnyunyizie kwa kopo lipi? Ingia jikoni utafute."

"Sitafuti. Nasema hivi: mwezi huu ukiisha na uzito haujashuka, nakuja na gari namchukua. Atakaa kwangu, nitampikia mwenyewe."

Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako hadanganyi." Akaitikia, "Ndiyo, Baba," kwa adabu, lakini hakubadilisha neno.

Asiyekaa huku kwetu Mbozi anaweza kuona ni jambo dogo, mzee kwenda kukaa kwa binti yake. Si dogo. Mzee akihamishwa ili akalishwe kwingine, kijiji kizima kimeambiwa kwamba jiko la mkewe halifai. Wangemsalimia kisimani kwa upole, na upole ule ungemuumiza kuliko matusi. Mke wangu alianza kuniletea chakula na kusimama palepale akinitazama nikila. Siku moja nilikuwa nimeinamia bakuli.

"Unanusa nini, Mzee?"

"Sinusi. Naomba."

"Omba ukiwa umenyooka basi, nikuone."

Siku ya kliniki alisema tunakwenda wote. Daktari alipoona mizani hakuuliza tena kuhusu chumvi. Alituandikia twende chumba cha lishe. Afisa lishe alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye kitambi chake mwenyewe, akatuambia tusikitazame, tusikilize maneno. Alikwisha kutushauri huko nyuma na alikumbuka alichotukataza. Safari hii hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia mke wangu.

"Mama, hebu tupikie maharage."

"Niyapikie wapi, baba?"

"Hapahapa, kwa mdomo. Anza unapowasha moto. Usiruke kitu."

Mke wangu akaona kama mchezo, akaanza. Anachambua, anaosha, anateleka. "Yakianza kutokota natia magadi kidogo, hadi yaive. Halafu nakata kitunguu…"

"Rudi nyuma, Mama. Magadi?"

"Ndiyo, magadi. Maharage ya sasa utayaivishaje?"

"Na mboga za majani?"

"Majani ya maboga bila magadi nani atakula? Yanakuwa kama gunia."

"Makande?"

"Na makande." Alinitazama, akamtazama yule bwana. "Tangu tuache chumvi naongeza kidogo, chakula kilainike. Hamu ya kula imempungua. Lakini magadi si chumvi."

Afisa lishe aliweka kalamu mezani. Alituambia polepole kwamba kile kitu kilichomo kwenye chumvi kinachoshika maji mwilini kimo pia kwenye magadi, tena kingi. Unene wangu, kwa maneno yake, haukuwa unene, ni maji ambayo moyo umeshindwa kuyasukuma. "Na sisi tuna kosa," akasema. "Tuliwaambia chumvi, tukanyamaza." Akatufundisha kuloweka maharage tangu jioni na kumwaga maji yale, kutia ndimu, nyanya na tangawizi, kula kidogo kidogo, na kupima uzito asubuhi kabla ya chai. Akatembea mwenyewe kumweleza daktari, nayo dawa yangu ya kukojoa ikabadilishwa.

Tulirudi kwa gari la abiria la kwenda Mlowo. Mke wangu alifunga dawa zangu kwenye pindo la kanga.

"Kwa hiyo mwanao alisema kweli."

"Hakusema kweli. Alisema unaninyunyizia chumvi."

"Kilichokuvimbisha kimetoka mkononi mwangu, Mzee. Jina lake lisikusumbue."

Nimefundisha toba na nimefundisha msamaha. Nimekaa na wanandoa waliotaka kutoana roho, nikawapatia neno. Lakini pale hapakuwa na dhambi ya kusamehe, kwa hiyo sikuwa na neno. Nilimshika mkono tu, naye hakuutoa, wala hakunishika.

Kesho yake nilikuta amepanga mashati yangu kwenye begi. "Nenda akulishe anayejua," alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikayatoa. Siku iliyofuata nikayakuta yamo tena. Tukaendelea hivyo, naye hapohapo akiloweka maharage kila jioni na kuyachochea moto nusu siku, maana bila magadi yanaiva yanapotaka yenyewe. Miguu ilianza kupungua. Nilianza kuweza kulala bila kuegemezwa mito. Nilimwambia, akasema "Mungu ashukuriwe," na begi likabaki mlangoni. Moyo wa nyama ulikuwa unapata nafuu, ule mwingine haukutulia. Nilikuwa naomba nipone na wakati huohuo naogopa gari la Tunduma, kwa kuwa nilijua likija mke wangu ataniaga vizuri, na akishaniaga vizuri sitakuwa na njia ya kurudi.

Lilikuja mwisho wa mwezi. Binti aliingia, akaona begi, akaona miguu yangu imepungua, akachanganyikiwa.

Mama yake hakumpa nafasi ya kuuliza. "Ni mimi," akasema. "Si chumvi, ni magadi. Nilikuwa natia kwenye maharage, natia kwenye majani. Hospitali wamesema ndiyo yaliyomvimbisha. Mchukue."

Binti akavuta kigoda akaketi.

"Magadi?"

"Magadi."

"Mama, hata mimi natia magadi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mama yake alimtazama.

"Kwenye maharage?"

"Kwenye kila kitu. Ninalo furushi zima kule."

"Kwa hiyo ulikuwa unamchukua mume wangu ukamtilie magadi Tunduma."

Binti akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, akasema, "Nisamehe, Mama," na mama yake akasema, "Toka hapa, unanizibia moto," lakini sauti ilikuwa ile yake ya siku zote, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tutoke kliniki. Nikamshukuru Mungu kimyakimya, nikiwa nimenyooka.

Mtoto wetu hakuondoka siku ile. Alikula nasi mpaka bakuli likaisha, akitafuna kwa muda mrefu na kunywa maji.

"Sasa haya majani ya maboga, Mama, unayalainishaje?"

"Hayalainiki," mke wangu akasema, akimwongezea. "Unatafuna."