Diski ya Watoto

Kabla ya kukabidhiwa kompyuta nilikuwa karani wa ghala la kahawa Nkwenda, na tabia za ghala sikuziacha huko. Magunia tulikuwa tunayatenga kwa herufi za chaki. Basi diski nne zilipoletwa kwenye ofisi yetu ya kuandikisha wakimbizi, miaka ile ya tisini walipojaa Karagwe, nami nikazitia chaki. Mtaalamu aliyezileta alicheka. Sikupenda.

Tatu zilikuwa tupu. Ya nne ilibeba orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao, nayo ilikuwa imejaa kiasi kwamba orodha haikuweza kupangwa wala kuchapwa. Nilitakiwa niziunge zile tatu ziwe kundi moja, ili kompyuta zote za ofisi zilione kama diski moja kubwa na kuhifadhi humo kwa pamoja. Lakini diski ikiingizwa kwenye kundi hufutwa yote. Mtaalamu alinikumbusha mara tatu kabla ya kuondoka: ya watoto isiguswe.

Asubuhi ya kuziunga nilizichomoa zote nne nizipanguse vumbi jekundu, maana uchafu siuvumilii. Nilikuwa nimeshazirudisha zote nilipotazama kitambaa changu kilicholowa maji na kukiona kina weupe wa chaki.

Gari la kupeleka orodha kwenye kambi nyingine lilikuwa linasubiri nje. Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa Kinyarwanda ambaye mwanawe alikuwa katika orodha hiyo. Mkuu wangu alisimama mlangoni akisema mafuta ya jenereta yanaisha. Ningeweza kumwambia kwamba sijui tena ipi ni ipi. Niliona aibu, nikaketi kwenye kompyuta.

Kioo cha kompyuta kilionyesha diski nne zenye ukubwa uleule, na kwa haraka sikuzifungua kwanza kuzikagua. Nilijiambia kwamba ya watoto nimeirudisha chini kabisa, nikachagua tatu za juu. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Kundi likaundwa bila kasoro. Nikafungua diski ya chini. Haikuwa na kitu.

Fomu za karatasi zilikuwa zimeshapelekwa Mwanza, na disketi za nakala zilikuwa zimeota ukungu tangu masika. Nilimweleza mkuu, naye akakubali gari lingoje kidogo. Nikachukua kalamu, nikaenda kwenye benchi.

"Mama, nimelifuta jina la mwanao," nilimwambia. "Ni mimi, si mashine."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Nikamwomba tuanze upya, naye akanitajia jina, kijiji na rangi ya shati ambalo mtoto alikuwa amevaa. Nilipofika kwenye umri sikumuuliza. Niliukumbuka tangu mama alipomwandikisha mara ya kwanza, nikaandika miaka minne.

Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Minne ni alipopotea," alisema. "Andika mitano."