Upele Uliochelewa

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Mikono yake haijui kutulia; hata mkizungumza vidole vinatafuta uzi. Basi alipolazwa kwenye mashine ya kupiga picha ya tumbo, akaambiwa asijitikise, nilimwomba Mungu amshike. Walimchoma sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Akasikia joto mwilini, likapita. Tukakalishwa nje kungojea kama kutatokea neno. Halikutokea, tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu aliamka kifua chote na mikono upele, anajikuna kama aliyelalia siafu.

"Wifi, umebadilisha sabuni!" alinifokea.

"Sabuni ni ileile. Isije ikawa ile sindano?"

"Sindano ingenidhuru palepale! Nyie mawifi ndio mmeniwasha tangu siku ya harusi."

Akafua mashuka, akageuza godoro, kitambaa kipya cha sare za wanafunzi akakitupa uani. Upele haukupoa upesi. Nami kila nikipiga magoti kuomba, masikio yangu yako chumbani kwake, nasikia kucha zikikuna.

Upele ukaanza kufifia, akaitwa tena apigwe picha nyingine kabla ya kutolewa uvimbe tumboni. Alivaa mikono mirefu na joto lote lile.

"Usifungue mdomo," alininong'oneza. "Wakiahirisha upasuaji nitakuwa mgeni wa nani? Nimechoka na huu mzigo."

Mpiga picha, kijana mpole, alimuuliza, "Mama, dawa ya mara ile ilikusumbua?"

"Hata kidogo. Muulize wifi yangu, nilikaa pale nje kimya."

Kijana akachukua sindano.

"Mwambie na ya siku ya tatu," nikasema.

"Wifi!"

"Nichukie, lakini unichukie ukiwa mzima."

Akanitazama kwa macho makali, kisha akapandisha mkono wa gauni. Kijana akairudisha sindano kwenye sinia.

"Mwili mwingine hukataa baada ya siku kadhaa, mama. Ndiyo maana tunauliza."

Akamfuata daktari. Tukakaa kwenye benchi. Mimi nasimama, nakaa, nasimama. Daktari alipotoka alisema uvimbe watautazama kwa njia nyingine, isiyo na dawa ile, na siku ya upasuaji haibadiliki.

Wifi akashusha pumzi. Halafu akanivuta mkono wa blauzi.

"Mshono umefumuka. Nani alikushonea hivi?"

"Wewe."

"Basi kaa chini, unanitia kizunguzungu." Akatoa sindano yake pochini.