Swali la Saba Lamkwamisha Mwalimu wa Uraia

Saa mbili kasorobo asubuhi, kengele haijalia, na mwalimu wa uraia wa darasa la tatu tayari ameshakasirika. Amesimama langoni akiwapanga watoto mstari mmoja. Mzazi aliyevaa suti anaupita mstari wote, anamsukumia mwanawe ndani na kuondoka, simu ikiwa sikioni.

"Unaona?" anasema mwalimu. "Mimi nafundisha foleni wiki nzima, baba mtu anaifuta kwa nusu dakika. Halafu kwenye kikao atasimama aniulize mbona mtoto wake hana adabu."

Kwa sababu ya foleni hizo, wanafunzi, wazazi na hata walimu wenzake wanamwita Bi Foleni. Jina halimuudhi. Yanayomuudhi ni mengine, na ukimpa nafasi atakutajia yote.

Ana miaka ishirini na miwili kazini. Darasa lake lina watoto hamsini na watatu, madawati kumi na manane na vitabu tisa vya uraia. Kimoja kimechanika kurasa za haki, zimebaki za wajibu tu, na anaapa hakuzichana yeye.

Lakini vitabu si tatizo kubwa. Kinachomtoa jasho ni maneno. Siku alipoandika ubaoni kwamba raia mwema hupiga kura, mtoto wa dawati la mbele alinyoosha mkono akataka kujua huyo Kura amekosa nini hata apigwe na watu wazima wote. Darasa halikucheka. Wote walikuwa wanasubiri jibu.

Bi Foleni akaona maelezo hayatasaidia, bora wapige wenyewe waone. Mwanzoni mwa muhula alileta boksi la viatu, akalitoboa juu, akawaambia wachague kiranja wa darasa. Kila mtoto aliandika jina kwenye kikaratasi, akakikunja na kupanga foleni. Kura zikahesabiwa ubaoni, watoto wakitaja namba kwa pamoja mpaka darasa la jirani likaja kulalamika.

Msichana mwenye sauti kubwa, ambaye wenzake humwita Kipaza, alipata thelathini na moja. Mjukuu wa mwenyekiti wa kamati ya shule alipata kumi na tisa. Tatu ziliharibika, mojawapo ikiwa imemchagua mama yake mpiga kura.

Wiki iliyofuata, mwalimu mkuu alisimama mbele ya mstari wa asubuhi akatangaza viranja wa shule nzima. Kwa darasa la tatu alisoma jina la mjukuu.

Bi Foleni hakuulizwa wala hakuambiwa. Alipomfuata ofisini, anasema, mwalimu mkuu alimjibu kwa upole kwamba lile lilikuwa zoezi la darasani tu, viranja siku zote huteuliwa na ofisi. Akamkumbusha kuwa mwenyekiti ndiye anayehangaikia paa la darasa la pili, na haifai kumuudhi kwa jambo la watoto.

"Jambo la watoto," anarudia Bi Foleni, akivuta kiti katika ofisi ya walimu. "Sasa mimi nimeajiriwa kumfundisha nani, mbuzi?"

Mjukuu mwenyewe hana neno. Beji ya ukiranja huishindilia mfukoni, na alishamnong'oneza mwalimu kwamba hata yeye kura yake alimpa Kipaza.

Huenda mambo yangeishia hapo, watoto wangesahau, kama si mtihani wa katikati ya muhula. Swali la saba liliuliza: Kiongozi wa darasa hupatikana vipi? Mwongozo wa kusahihisha una jibu moja, nalo ni kuchaguliwa kwa kura. Watoto arobaini na mmoja waliandika kwamba hutajwa na mwalimu mkuu.

Karatasi zao ziko mezani, zimesahihishwa zote isipokuwa swali hilo. Alama zinatakiwa ofisini saa tisa alasiri. Mwalimu wa hesabu, anayekaa meza ya pili, amemshauri awatie kosa, ajumlishe, aende zake nyumbani. Bi Foleni anazipanga karatasi upya.

"Nikiwatia kosa, nimewaambia macho yao ni mabovu," anasema. "Nikiwatia vema, nimekubali kwamba niliyowafundisha ni uongo. Kalamu nimeishika tangu jana, mkono umegoma."

Karatasi inayomuuma zaidi haina jibu lolote. Ni ya Kipaza. Aliandika akafuta, akaandika tena akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Jana mwalimu alimwita pembeni amuulize kwa nini ameacha swali rahisi namna ile.

"Uliyoandika ubaoni hayakutokea," msichana alimjibu, kwa sauti ya chini ambayo si yake. "Na yaliyotokea hukuyaandika. Sasa mwalimu, ningeandika yapi?"

Bi Foleni alimwambia aende akacheze. Hilo linamkera kuliko mwalimu mkuu na mwenyekiti wakiwekwa pamoja.

"Niliona aibu," anasema. "Sijawahi kumfukuza mtoto aliyeniuliza swali zuri. Nimeanza jana."

Saa tisa kamili anabeba karatasi zote hamsini na tatu kwenda kwa mwalimu mkuu, swali la saba likiwa tupu. Majibizano yanasikika hadi koridoni. Mwalimu mkuu anasema fomu ya alama haipokelewi ikiwa na pengo. Bi Foleni anasema pengo si la kwake, na kabla ya kulijaza anaomba dakika kumi kwenye kikao cha wazazi cha Jumamosi, asome matokeo ya kura za darasa la tatu, mwenyekiti akiwepo.

Mwalimu mkuu anampa dakika tano, pengine ili mradi atoke.

"Zinanitosha," anasema Bi Foleni, akifunga kabati lake. "Kusoma thelathini na moja na kumi na tisa hakumalizi hata dakika moja. Nne zitakazobaki nitasimama palepale mbele yao, nisubiri mtu mzima mmoja aniambie Jumatatu nikawafundishe nini."